Springi ya bunduki ya babu

SWALI: Nimerithi bunduki ya babu ya kuwindia, ya mitutu miwili na nyundo za nje. Nyundo moja imelegea, springi imevunjika. Alama ninayoiona ni ELG ndani ya umbo la yai. Springi nitaipata wapi?

JIBU: ELG ni muhuri wa ukaguzi wa mitutu wa Liège, Ubelgiji, si jina la mtengenezaji. Karakana za huko zilikuwa nyingi, kwa hiyo kuagiza kipuri kwa alama hiyo pekee ni kupoteza muda. Jina huenda likawa ndani, nyuma ya bamba linaloshika nyundo. Alifungue fundi wa bunduki mwenye leseni, kwa bisibisi inayojaza mfuo wa skrubu. Nyembamba huteleza na kuharibu kichwa.

Hata ukipata springi inayofanana, tarajia isikae. Vipuri vya zamani vilipigwa tupa kwa mkono, kila kimoja kwa bunduki yake. Ndiyo maana vipande vilivyovunjika usivitupe kamwe: ndivyo fundi atakavyopimia akitengeneza mpya. Chuma kikibaki kigumu mno, springi huvunjika tena. Kikilainishwa mno, hujikunja na kubaki hivyo.

Lakini mitutu ikaguliwe kwanza. Ikiwa na michirizi ya Damasko (ya mitutu iliyosokotwa kwa vipande vya chuma na kuungwa) au ilipimwa kwa baruti nyeusi tu, ile ya zamani, risasi za kisasa zinaweza kuipasua mkononi. Chemba nazo, sehemu ya mtutu inapokaa risasi, zipimwe urefu: nyingi za zamani ni milimita 65, risasi za leo aghalabu 70. Na umiliki uandikishwe kwa jina lako kabla hujaipeleka popote.