Kwa nini kidonda kikubwa chenye uchafu hakishonwi siku ya kwanza

Nimekuwa muuguzi wa wadi ya upasuaji kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kufungua na kufunga vidonda vya watu walioumia barabarani, hasa waendesha bodaboda na abiria wao. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni la ndugu wanaomwona mgonjwa wao akirudishwa kutoka chumba cha upasuaji, baada ya nusu kaputi na kazi ya muda mrefu, huku kidonda kikiwa bado wazi na pengine kikubwa kuliko kilivyoingia. Wengine huanza kutafuta gari la kumhamisha. Ninawasihi wasubiri kwanza waelewe kilichofanyika.

Mguu unapokwaruzwa lami na kupondwa na pikipiki, mchanga, nyuzi za suruali na hata samadi ya kando ya barabara huingia hadi katikati ya misuli. Nyama iliyopondwa hukosa damu ikafa, na mahali damu haifiki, dawa nayo haifiki, iwe ya kumeza au ya kuchoma kwenye mshipa. Humo ndimo wanamostawi vijidudu wasiohitaji hewa, wakiwemo wa pepopunda na wale wanaoozesha misuli na kutoa gesi ndani yake. Kukishona kidonda cha namna hiyo siku ya kwanza ni kuwafungia ndani pasipo hewa, mahali wanapopataka.

Kwa hiyo daktari hukipanua kidonda ili aone mwisho wake, hukiosha kwa lita kadhaa za maji safi au ya chumvi, kisha hukata kila nyama iliyokufa. Hakati kwa kubahatisha. Msuli ulio hai una wekundu unaong'aa, hushtuka ukibanwa kwa koleo na hutoa damu ukikatwa. Uliokufa ni mweusi au wa kijivu, umelegea, na mkasi unapita bila tone la damu. Baada ya siku mbili hivi mgonjwa mwenye kidonda kibaya hurudishwa kukaguliwa tena, maana nyama nyingine hufa polepole. Kikiwa safi, hushonwa kati ya siku ya 4 na ya 5, na kisiposhoneka hupandikizwa ngozi.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama kubwa katika Vita Kuu ya Kwanza, pale askari walipojeruhiwa katika mashamba yenye samadi ya Ubelgiji na Ufaransa. Daktari wa upasuaji Antoine Depage, katika hospitali yake ya La Panne, alishikilia kwamba nyama iliyokufa ikatwe kwanza na kushona kungoje. Alexander Fleming, aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928, alikuwa akifanya kazi Boulogne wakati huo, akaonyesha kwamba dawa kali za kuua vijidudu zilizomiminwa kidondani hazikufika kwenye vijishimo vya ndani, bali ziliua chembe za damu zinazopigana na maradhi. Ndiyo maana ninaumia kila ninapopokea kidonda kilichomwagiwa spiriti, mafuta ya taa, kahawa au unga wa kapsuli. Nyumbani au barabarani inatosha kukandamiza panapovuja damu kwa kitambaa safi, khanga iliyofuliwa ikiwemo, na kuwahi hospitali. Mfupa uliotokeza msiurudishe ndani.

Si kila kidonda husubiri. Vya uso na kichwa, kwa kuwa damu ni nyingi huko, mara nyingi hushonwa mapema, vivyo hivyo mkato safi wa kisu uliowahishwa. Kidonda cha kung'atwa na mbwa kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa ianze siku hiyo hiyo.

Nakumbuka mama mmoja aliyenishika mkono mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, mbona mmemwacha hivi? Kama nyuzi zimekwisha, semeni tukanunue." Nilimwambia, "Nyuzi zipo, mama. Tunasubiri nyama." Siku ya kubadilisha bandeji nilimruhusu atazame: chini kabisa palikuwa pameota chembechembe nyekundu, zinazotoa damu kidogo zikiguswa na gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, iliyolowa. Hapo ndipo ngozi nyembamba iliyochunwa pajani hupandikizwa. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba paja litamuuma kuliko mguu wenyewe, na kwamba bandeji ya ngozi mpya kwa kawaida haifunguliwi mpaka siku ya 5 hivi, isipokuwa ikitoa harufu au usaha.

Ndugu wana haki ya kuuliza mambo. Ulizeni kama dawa ya kuzuia maambukizi imeanza, kwa sababu mfupa ukiwa umevunjika na ngozi kupasuka, inatakiwa ianze mara mgonjwa anapofika. Ulizeni kuhusu pepopunda, hasa kwa wanaume: akina mama wengi huchanjwa kliniki ya wajawazito, lakini mwanaume anaweza kuzeeka bila kuongezewa chanjo tangu utotoni, na asiyejulikana chanjo zake huhitaji pia sindano ya kinga ya haraka. Ombeni apewe dawa ya maumivu nusu saa hivi kabla ya kubadilishwa bandeji, na gozi iliyoganda iloweshwe kwanza badala ya kuvutwa. Mleteeni mayai, dagaa, maharage na maziwa, wala msimkatazie kwa kuogopa usaha, kwa sababu nyama mpya hujengwa kwa vyakula hivyo. Sigara aache, na sukari yake ipimwe.

Yapo mambo yasiyongoja asubuhi: maumivu yanayozidi ghafla, uvimbe unaopanda, ngozi inayogeuka nyeusi au kuchachatika ikibonyezwa, harufu mbaya, homa pamoja na kuchanganyikiwa, taya linalokaza. Ukiona mojawapo, mwite muuguzi wa zamu ya usiku papo hapo, na asipokuja upesi, mfuate.