Jibu: Je, kinga ya mwili ndiyo inayotia ini makovu?

Ndugu, umeuliza kama makovu ya ini huletwa na kinga ya mwili, na kama kuizima kungemponya mgonjwa. La kwanza lina ukweli. La pili, hapana, isipokuwa pale kinga yenyewe ndiyo chanzo cha ugonjwa.

Anayefuma kovu hasa si seli ya kinga. Ni seli ya nyota, ambayo kwenye ini lenye afya hukaa kimya ikitunza vitamini A ndani ya vitone vya mafuta. Seli za ini zikifa, iwe kwa pombe au virusi vya homa ya ini, makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki) wanaoishi humo, yaani seli za Kupffer, huzinduka na kuita wenzao kutoka kwenye damu. Hutoa kemikali, hasa ile iitwayo TGF-beta. Hapo seli ya nyota hupoteza vitone vyake na kuanza kumwaga kolajeni, protini ya nyuzi inayofanya kovu. Chanzo kikiendelea miaka, kolajeni hurundikana.

Lakini makrofaji hao hao huja kulimeng'enya kovu! Majaribio ya panya yaliyochapishwa 2005 yalionyesha hivi: makrofaji wakiondolewa ini likiwa bado linaumizwa, kovu hupungua, wakiondolewa wakati wa kupona, kovu hubaki. Nazo seli za NK, aina nyingine ya seli za kinga, huua seli za nyota zilizoamka.

Ndiyo maana nakusihi mfuate daktari mtibu chanzo: virusi vidhibitiwe, pombe iachwe kabisa. Chanzo kikiondoka, kovu linaweza kurudi nyuma.