Maswali ya Wasomaji: “Adverse” ni Mbaya kwa Nani?

SWALI: Bwana Mwandishi, mimi ni wakala wa forodha hapa Lubumbashi, na karibu kila juma napokea barua za Kiingereza kutoka kwa wasafirishaji wa Zambia. Hivi karibuni mmoja wao aliandika kwamba malori yetu yamechelewa kufika Kasumbalesa kwa sababu ya “adverse weather conditions”. Mwenzangu ofisini, ambaye Kifaransa chake kinapita changu, alimtafsiria mteja kwamba malori yamezuiliwa na “hali ya upande wa wapinzani”. Mteja akapiga simu akiwa na hofu, akauliza ni wapinzani gani hao na kama mpakani kuna vita. Kamusi yangu ndogo inasema neno hilo maana yake ni “mbaya”, basi. Je, inatosha? (Msomaji wa Kampemba)

JIBU: Nimecheka, ndugu msomaji, lakini sikumcheka mwenzako, kwa maana alifanya kile ambacho wengi wetu tuliosomeshwa kwa Kifaransa tungefanya. Neno “adverse” limo katika lugha zote mbili, kwa herufi zile zile na kutoka kwa babu mmoja, ila wajukuu hawa wawili wamekwenda kuishi mitaa tofauti. Katika Kifaransa cha leo, ukiacha maandishi ya kifasihi, neno hili limebaki zaidi na watu wanaokabiliana. Wakili mahakamani husema “la partie adverse” akimtaja yule anayeshtakiana na mteja wake, na siku Mazembe na Lupopo wanapokutana uwanjani mtangazaji wa redio hurudia “l’équipe adverse” mara nyingi kiasi kwamba hata mtoto asiyejua sentensi moja ya Kifaransa analijua neno hilo. Kiingereza kimekwenda njia nyingine: kimewaachia watu maneno mengine, na “adverse” kimelibakiza kwa mambo na hali, yaani hewa, upepo, matokeo, habari, uamuzi. Mwingereza anayetangaza mpira hasemi “the adverse team”; atasema “the opposing team”. Mwenzako basi aliliona neno la Kiingereza akalisikia kwa sikio la Kifaransa.

Sasa nije kwenye kamusi yako. Haikukosea, lakini imekata maana katikati. Asili ya neno ni Kilatini, “adversus”, ambamo “ad” ni kuelekea na “vertere” ni kugeuza, na liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14 kwa kupitia Kifaransa cha kale. Picha iliyomo ndani yake ni ya kitu kilichogeuza uso kikakuelekea wewe, kikasimama katika njia unayotaka kupita. Ndiyo maana ubaya wa “adverse” haujitegemei. Daima ni ubaya dhidi ya mtu fulani au kusudi fulani. Yai viza ni baya kwa kila atakayelivunja, na hakuna Mwingereza atakayeliita “adverse”. Mvua iliyoifanya barabara iteleze, kinyume chake, ni “adverse” kwa dereva wa lori lako, lakini kwa mama aliyepanda mahindi kandokando ya barabara ile ile ni neema aliyokuwa akiingojea tangu mwezi wa kumi. Mvua ni moja, barabara ni moja, na neno linamhusu mmoja tu kati yao.

Waswahili wa pwani walilijua jambo hili kabla ya kuona kamusi yoyote ya Kiingereza, kwa sababu walisafiri kwa tanga. Upepo unaotoka mbele ya chombo waliuita upepo wa mbisho, na hawakumaanisha kwamba upepo huo una kasoro, kwa kuwa jahazi linalokwenda upande wa pili lilikuwa likiufurahia. Sisi wa bara, ambao bahari tunaijua kwa kusimuliwa, tumelisahau neno hilo, na nasikitika, kwa maana sijaona neno jingine la Kiswahili linalokaribia “adverse” kiasi hicho.

Kwa hiyo kila unapokutana na neno hili, jiulize kwanza: dhidi ya nani, au dhidi ya nini? Kisha liache jina linalofuata likuchagulie neno la Kiswahili, kwa maana hakuna neno moja litakalofaa mahali pote. Kwa hewa, “hali mbaya ya hewa” linatosha, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka na kila mtu anaelewa kwamba ni mbaya kwa safari. “Adverse circumstances” ni mazingira magumu. “Adverse publicity” ni habari zinazomchafulia mtu au kampuni jina. “Adverse decision” ni uamuzi uliokwenda kinyume na mwombaji, hata kama uamuzi wenyewe ni wa haki kabisa, na hapa ukitafsiri “uamuzi mbaya” utakuwa umemtukana hakimu bila kukusudia. Katika mji wetu wa migodi kuna pia wanaosoma ripoti za wakaguzi wa hesabu: “adverse opinion” humo ni tamko zito, kwamba hesabu zilizotolewa hazionyeshi hali halisi ya kampuni, wala si malalamiko tu juu ya kasoro moja au mbili.

Kitenzi “to adversely affect” hutafsiriwa mara nyingi “kuathiri vibaya”. Mimi naona “vibaya” hapo ni chumvi ya pili katika mchuzi uliokwisha kuungwa. Zamani athari ilikuwa alama tu iliyoachwa na kitu, nzuri au mbaya, lakini leo ukisema watu wameathirika na mvua hakuna atakayedhani wamenufaika. Nalo jina “adversity” lina tafsiri nzuri sana, dhiki, neno tulilolipata kwa Kiarabu, ambako maana yake ni wembamba wa nafasi, kubanwa. Mwingereza akiwa taabuni anaona uso uliomgeukia. Sisi tunaona mahali pembamba pasipopitika. Tunaposema “akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki”, tunamtaja yule anayekubali kuingia nasi mle mlimobana.

Nirudi kwenye malori yako, kwa kuwa hapo pana jambo la fedha. Wasafirishaji wanalipenda neno hili kwa sababu ni pana: linafunika mvua, ukungu, upepo na hata joto, bila kutaja hata kimoja. Katika mikataba mingi ya usafirishaji ndilo linaloamua nani atabeba gharama za siku ambazo gari limesimama. Kwa hiyo usilifinye kwa hiari yako ukaandika “mvua” wakati karatasi haikusema mvua. Mwandikie mteja “hali mbaya ya hewa”, kisha umwombe msafirishaji akueleze kwa maandishi ni hewa gani, siku gani, na kati ya mji gani na mji gani.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Katuba. Baadhi ya dawa tunazopokea huja na karatasi za Kiingereza, na ndani yake nakuta “side effects”, “adverse reactions”, na pengine “adverse events”. Nimezoea kuyaita yote “madhara ya dawa”. Je, ninakosea?

JIBU: Mama, ukiwa unazungumza na mgonjwa aliyekuja na homa, hutamdhuru kwa kuyaita hivyo. Ukiandika ripoti, ndiyo, unakosea, na hasa kwa neno la tatu.

“Side effect” ni athari ya pembeni, yaani jambo ambalo dawa inalifanya licha ya kazi iliyokusudiwa, na si lazima liwe baya. Minoxidil ilitolewa kama vidonge vya kushusha shinikizo la damu, ikaonekana kwamba inaotesha nywele, na baadaye ikatengenezwa dawa ya kupaka kwa ajili ya wenye upara. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye nywele zilimwota usoni hilo lilikuwa kero. Kwa mwenye upara lilikuwa ndilo alilolitafuta. Hapo unaona tena kwa nini hawakuliita “adverse”.

“Adverse reaction” ni kitu kingine. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 1972 kwamba ni mwitikio wa mwili ulio na madhara na usiokusudiwa, unaotokea mtu akiwa ametumia dawa kwa kipimo cha kawaida. Mgonjwa anayekunywa kwinini kama alivyoandikiwa, kisha masikio yakaanza kuvuma, amepata “adverse reaction”. Aliyemeza kopo zima kwa siku moja amejipa sumu, na hilo lina jina lake. Hapa “madhara ya dawa” linafaa, na Kifaransa ulichosomea kinasema “effet indésirable”.

“Adverse event” ni jambo lolote baya lililompata mtu baada ya kupewa dawa au chanjo, kabla haijajulikana kama dawa ndiyo iliyolileta. Mtoto akichanjwa Jumatatu na kushikwa na degedege Jumanne, hilo ni “adverse event”. Huenda chanjo imehusika, huenda ni malaria aliyokuwa nayo tangu Jumapili. Ukimwambia mama yake kwamba ni “madhara ya chanjo”, umekwisha kutoa hukumu kabla ya uchunguzi, na majirani zake wote watakuwa wameisikia kabla ya jua kuzama. Andika na useme “tukio baya baada ya chanjo”, na neno “baada” ulitamke kwa makini, kwa maana halisemi “kwa sababu ya”.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Katika vitabu vya Kiingereza nimekuta “adverse possession”, na sioni ubaya wowote ndani yake. Pia mwalimu alinikatia alama kwa sentensi “I am adverse to risk”. Kwa nini?

JIBU: “Adverse possession” ni kuikalia ardhi ya mtu waziwazi, bila ruhusa yake, kwa miaka iliyowekwa na sheria, hadi mwenyewe anapopoteza haki ya kuidai. Nchini Kenya miaka hiyo ni 12. “Adverse” hapo maana yake ni kinyume na haki ya mwenye ardhi, na ndiyo sababu mpangaji, ambaye amekaa kwa ruhusa, hawezi kudai hivyo hata akikaa miaka 30. Kifaransa kinaita “prescription acquisitive”. Kwetu usihangaike sana kulitafutia makao neno hilo, kwa kuwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, isiyouzwa na isiyopotea kwa kupita kwa muda.

Kuhusu alama zako, mwalimu yuko sahihi. Ulihitaji “averse”, bila herufi d. Hilo nalo linatokana na “vertere”, lakini mwanzoni lina “ab”, kutoka kwa, na maana yake ni aliyegeuza uso akaangalia kando. Hali inayokukabili ni “adverse”; wewe unayeikwepa ni “averse”. Mkazo husaidia kuyatofautisha: Waingereza hukazia silabi ya kwanza ya “adverse”, na ya pili katika “averse”. Kwa sisi wa Kifaransa kuna mtego mmoja zaidi, kwa sababu “une averse” ni mvua kubwa inayoshuka ghafla na kukatika. Kwa hiyo ukikuta msafirishaji wa malori ameandika “averse weather”, ujue amesahau herufi moja, ingawa huenda yule wakala wa Kampemba angemwelewa vizuri zaidi.