Usipande Mkoko Kabla ya Kuyauliza Maji

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Jomvu, hapa Mombasa, aliniandikia: "Dada, tumepanda miche mia nne ya mikoko huku kwetu, imekufa yote. Tumekosea wapi?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Ungeweza kuwa wangu mwenyewe wa mwaka 2016.

Mwaka huo kikundi chetu cha akina mama wa Mikindani kilipanda mbegu 1,200 za mkoko kwenye hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara, kwa siku moja. Ofisi moja ya wafadhili ilitupa fulana na pilau ya mchana, picha zikapigwa. Kupanda mkoko ni rahisi: mbegu yake ni ndefu kama tunda la mlonge, unaichomeka tu topeni. Sisi tuliichomeka upande wa chini kabisa, palipokuwa peupe. Baada ya mwaka nilihesabu kumi na moja hai. Mingine ilivikwa mwani ikalala, mingine ilifukiwa na tope la masika linaloteremshwa na mto Kombeni. Mkutanoni bwana mmoja wa ile ofisi akatamka mbele ya watu kwamba wenyeji hawajui kutunza kitu. Sijasahau. Tulikuwa tukishuka kila bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, tope magotini, na mimi nina mtoto mgongoni.

Aliyenifumbua macho ni mzee aliyekata boriti tangu ujana wake. Alisimama, akatazama, akasema: "Mwanangu, hapa ni kwa mlilana. Mkoko hukaa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi. Mchu utaukuta mbele na utaukuta huko juu penye chumvi. Nyinyi mmemtoa mtu kwake." Yote hiyo ni miti ya msitu wetu wa baharini, ambao watu huuita mikoko kwa jumla, lakini kila mmoja una mahali pake. Kisha akauliza lile ambalo hakuna mfadhili aliyewahi kutuuliza: "Mbona kule juu, palipokuwa na msitu nikiwa mtoto, hapaoti kitu?"

Jibu lilikuwa mtaro. Ule uliopitisha maji ya bamvua ulizibwa na kifusi cha ujenzi na plastiki. Maji yasipoingia, mbegu haziingii, na jua linabaki kuchoma chumvi juu ya ardhi. Tuliuzibua kwa sururu na karai, wiki mbili. Halafu hatukupanda kitu! Hapo ndipo penye mtihani, ndugu zangu, kwa sababu watu wakiona hupandi husema umelala.

Nguvu ya kungoja niliipata Bamburi, nilipompeleka mwanangu Haller Park. Pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jiwe tupu la matumbawe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu aina 26 za miti, na zilizostahimili ni tatu: mvinje, damasi na mnazi. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyotengeneza mbolea kutokana na hewa, ndiyo maana ulisimama juu ya jiwe. Lakini majani yake yalianguka yakajilimbika bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo. Jongoo anakula jani kavu, kinyesi chake kinakuwa udongo. Nilichuchumaa nikaokota konzi ya udongo ule mweusi, nikaunusa. Umetengenezwa na majongoo! Miti mingine ilifuata baadaye, udongo ulipokuwepo. Wa kwanza alimtandikia wa pili.

Miaka ya mwanzo ya mtaro wetu sitaisimulia, ni kuzoa plastiki na kungoja. Mwezi uliopita, maji yalipokupwa, nilihesabu michu 214 ambayo hakuna mkono ulioipanda. Mbegu zake, mfano wa kunde kubwa iliyokunjwa, zililetwa na maji. Mingine imenifika kiunoni, na mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni kama penseli. Kati ya penseli hizo takataka nyepesi zinanasa, tope linatulia, mashimo ya kaa yamejaa, na miche ya mkandaa imeanza kujichomoza kivulini. Nililia, nasema kweli.

Basi ewe unayetaka kurudisha msitu wako, uliza maji kwanza. Yanaingia wapi? Yanazuiwa na nini? Uliza wazee pale palikuwa na mti gani. Rudia kuuliza maji. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope likaziba mizizi ya mikoko kule hori ya Mwache, miti ikafa imesimama. Pahali kama hapo, ukipanda kabla tope halijatulia, unapanda kaburini. Na usikubali mtu akupime kwa idadi ya miche. Mwambie arudi baada ya miaka mitano ahesabu iliyo hai.

Yule kijana nimemjibu aje Mikindani bamvua ijayo, asubuhi, maji yakianza kutoka. Asibebe mche wowote. Aje na viatu vikuukuu na gunia la plastiki, na kama ana babu aliyewahi kukata boriti huko Jomvu, aje naye.