Ukisafiri na Usiowajua, Muhali Uuache Nyumbani

Kila nikisimulia kwamba nilikaa siku tano kwenye gari la mbao na watu sita ambao sikuwahi kuwaona kabla, wanawake wenzangu huniuliza swali moja: hukuogopa? Niliogopa. Niliogopa wezi, niliogopa maneno ya mtaani, niliogopa na bahari yenyewe. Lakini hayo yote hayakutufika. Kilichotusumbua ni muhali, kule kuoneana haya mpaka mtu asiseme lililo moyoni.

Ni muhali huu huu tunaoujua sote tuliolelewa visiwani. Mtu anakuudhi, unatabasamu. Pesa huna, unasema "inshallah kesho". Umechoka hoi, ukiulizwa "tuendelee?" unajibu "nyie tu, mie sina neno". Mtaani muhali una kazi yake, ndio unaotuwezesha kukaa na majirani miaka 40 bila kurushiana maneno. Lakini mtaani ukikasirika unaingia ndani, unafunga mlango wako. Gari lile halikuwa na mlango.

Tulikuwa wanane: mimi na mdogo wangu wa kiume, binti wa Bububu, dada wa Wete, Pemba, aliyevuka kwa boti kuja bandari ya Malindi hapa Unguja, ndugu wawili wa Jang'ombe, kaka wa Fumba, na kijana wa Tanga. Tulijuana kwenye kundi la simu tu. Kilichotukutanisha ni kaiti, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao baharini ukivutwa na tiara kubwa lenye kamba za mita 20 na kitu. Ilikuwa Januari, siku za Mapinduzi, kaskazi imeshika vizuri, na sisi tukataka kuusaka upepo kutoka Paje mpaka Matemwe.

Gari lilikuwa lile la shamba la bodi ya mbao, ubavuni wazi, viti viwili virefu vinaelekeana. Mbao na mikoba ya kaiti tulizifunga paani kama mikungu ya ndizi, magodoro tukayakunja chini ya viti, na usiku turubai linateremshwa. Wanaume walilala humo. Sisi wanawake watatu tulikodi chumba kwa wenyeji kila tulipofika, tukalipa wenyewe. Dada zangu, hilo lipangeni mapema na mlitaje wazi, msisubiri saa nne ya usiku kila mtu anamtazama mwenzake. Na kama unakwenda na usiowajua, angalau mmoja awe unayemjua. Bila ya mdogo wangu nisingekwenda.

Sasa pesa. Tulikubaliana kila mtu achange shilingi 180,000. Jumla 1,440,000: laki tano za gari na dereva, laki tatu za mafuta, laki nne za chakula, na 240,000 za dharura. Hesabu nzuri kwenye karatasi. Kijana wa Tanga akatoa 100,000, akasema zilizobaki kesho. Kesho ikafika. Mtunza fedha wetu, binti wa Bububu, akaona haya kumuuliza. Akaninong'oneza mie. Nikamwambia mwache, atatoa mwenyewe. Siku ya pili ndugu wa Jang'ombe wakajua. Siku ya tatu gari zima linajua, hakuna anayesema, na yule kijana akipanda, mazungumzo yanakatika.

Usiku ule Matemwe tulipika wali wa nazi na changu wa kupaka, tukapakua kwenye masinia mawili. Nilikaa kiasi cha kuwaona wanaume. Kijana wa Tanga alikuwa anakula wali mweupe wa pembeni, ule uliokauka kidogo. Samaki alikuwa mbele yake, mkono haumgusi. Kaka mmoja akamsogezea kipande, akakipokea, akakiweka, akarudi kwenye wali wake. Dereva wetu, mtu mzima asiyesema sana, akauliza taratibu, "Huyu mtoto samaki hapendi?" Hakuna aliyejibu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba siku tatu zote alikuwa anakula kwa kipimo cha pesa alizotoa.

Baada ya Isha mdogo wangu akamchukua wakatembea pwani. Mshahara wake ulikuwa haujaingia. Aliona aibu kusema, na alishapanga kuondoka alfajiri kwa daladala bila ya kuaga. "Mngeniuliza siku ya kwanza," alimwambia mdogo wangu, "ningesema." Sisi tulimwonea haya, yeye akatuonea haya, na katikati yetu akashinda na njaa. Nikikumbuka ule mkono wake juu ya sinia mpaka leo moyo unaniuma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa pesa ni huu. Mtunza fedha amuulize kila mtu kabla ya gari kuondoka, faraghani, mmoja mmoja: unazo zote? Kama huna, una kiasi gani, na nyengine lini? Mkijua mapema mtapunguza siku, au mtabeba mihogo na dagaa badala ya kununua samaki, na mtu atakula ameinua kichwa. Karatasi ya matumizi bandikeni garini kila mtu aione. Karatasi ya wadaiwa msibandike. Nimeona kundi jengine wakifanya hivyo na siwezi kuliunga mkono.

Tena siku hizi sisafiri na mtu ambaye sijala naye sinia moja. Wiki moja kabla ya safari tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunakula pamoja. Sinia halifichi. Utamwona anayevuka upande wa mwenziwe, utamwona anayemsogezea mwengine nyama, utamwona anayeinuka kabla maji ya kunawa hayajaletwa. Na utamwona asiyegusa samaki.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, maana lingeweza kuua mtu.

Kaka wa Fumba alituandikia kwamba kaiti anaijua "kiasi". Hakuna aliyemuuliza kiasi gani. Siku ya kwanza Paje maji yalikuwa yanakupwa, na wanaoijua Paje wanajua bahari pale inavyorudi mbali, ikaacha maji ya magotini na mashamba ya mwani yakaonekana safu kwa safu. Upepo ulikuwa umepita noti 20, kiasi cha kilomita 37 kwa saa. Yeye ni mwembamba, akatandaza kaiti ya mita 12 za mraba. Niliiona. Nilijua kwa upepo ule na mwili ule ni kubwa mno. Nikasema moyoni, mtu mzima huyu, nitamfundishaje mbele za watu?

Ilimnyanyua, ikamtupa, ikamburuta kifudifudi mpaka ndani ya mashamba. Kile kifungulio chekundu cha kuitoa kaiti nguvu kilikuwa kifuani mwake, na alikivuta akiwa ameshapita safu tatu. Miguu ilichanika kwa vigingi, alhamdulillahi hakuvunjika. Tulipomfikia, bi mkubwa mmoja alikuwa amesimama majini, kanga kaifunga kiunoni, anatazama kamba zake zinavyoelea.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Nyie watoto wa Mjini, hapa mnapaona bahari. Mie hapa ni shamba langu."

Kisha akatutajia hasara yake, kamba kwa kamba, kigingi kwa kigingi, bila ya kupandisha sauti. Mwani ule ulikuwa umebakisha siku chache uvunwe, na mwani unataka kiasi cha wiki sita mpaka kuvunwa. Dereva akazungumza naye, tukatoa 120,000 kwenye ile ya dharura, na mchana wote tukakaa kibandani kwake kufunga mbegu upya. Unachukua kipande cha mwani cha urefu wa kiganja, unakipitisha kwenye kijikamba, unakaza. Ukikaza sana unakikata, ukilegeza wimbi linakichukua. Vyangu vitatu vya mwanzo alivifungua, akanirejeshea mapajani bila neno. Cha nne alikitazama, akakiacha.

Alipomaliza kutudai chake, akatuchemshia chai ya tangawizi. Nilimtazama sana yule bi mkubwa. Alisema lililomuudhi, akalipwa, akacheka na sisi. Sisi wanane hatukuwa tumeambiana hata moja kati ya yaliyokuwa vifuani mwetu.

Kabla ya kuingia majini na mtu mgeni, basi, usimuulize "unajua?" Kila mtu anajua. Muulize mara ya mwisho alipanda lini, na kaiti ilipomwangukia majini alirudije ufukweni. Mwambie akuoneshe pale mchangani anavyofungua kile kifungulio, kwa mkono mmoja, bila ya kukitazama. Kama kaiti aliyotandaza ni kubwa kuliko upepo, sema, na useme kwa sauti. Heshima yake itarudi jioni ileile. Na mashamba ya mwani yazungukeni, hata kama ndiyo njia fupi. Wale kina mama walianza kulima pale tangu mwisho wa miaka ya 1980, na wanamtambua kila apitaye.

Baada ya siku ile tuliamua awepo nahodha. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na sisi tulikuwa wanane wenye programu ya hali ya hewa kila mmoja kwenye simu yake, kila simu inasema lake. Tukampa dada wa Wete. Baba yake mvuvi, amekulia ngalawani, anajua bamvua na maji mafu, maji makubwa na madogo ya mwezi, bila ya kuangalia kalenda. Asubuhi moja ndugu wa Jang'ombe walikuwa wameshavaa mikanda, upepo upo, unavuma kutoka nchi kavu. Akawaambia, "Huu umande. Unakutoeni nje, haukurudisheni. Vueni." Wakavua. Saa nne ukageuka, kaskazi ikaingia kutoka baharini, sote tukapanda. Angekuwa mwenye muhali, sijui wale ndugu tungewatafutia wapi.

Lakini unahodha wake uliishia majini. Habari za chakula, pesa na saa ya kuondoka hazikuwa zake, na mwenyewe alilisema hilo siku ileile tuliyompa. Naona ndiyo sababu tulimsikiliza.

Dereva naye msimchague kwa bei peke yake. Wetu kila tulipofika kijijini, kabla hatujashusha hata kikombe, alikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali pale. Tukaonesha vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, kijana wa Tanga akaonesha chake cha Taifa, tukasema tuko wangapi, tutalala wapi, tunaondoka lini. Matemwe wazee wawili walikuja baada ya magharibi kututazama, wakakuta sheha ameshaarifiwa, wakakaa wakanywa kahawa na kashata. Bila ya hivyo tungelala na wasiwasi, na haki ingekuwa yao, maana ni kijijini kwao. Mavazi pia: ukitoka majini jisitiri kabla ya kupita mbele za nyumba za watu. Hilo halina mjadala.

Mengine ni madogo. Kaiti mbichi isiingie garini, ianikwe kwanza, la sivyo wanaolala humo watalala kwenye chumvi. Mchele uwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko, mchanga hauna adabu. Mbebe dawa ya vidonda na maji safi ya kuoshea, tulizihitaji zote siku ya kwanza.

Tuliporudi Mjini dereva alisimamisha gari kabla ya Darajani, kwa ombi letu, na binti wa Bububu akasoma hesabu yote kwa sauti kabla ya mtu kushuka. Zilibaki shilingi 56,000. Tukazigawa, 7,000 kila mtu. Kijana wa Tanga akakataa yake, binti akamwambia deni lako ni jengine na hii ni yako, chukua. Akachukua. Mwisho wa mwezi zile 80,000 ziliingia kwenye simu ya mtunza fedha, kamili, na juu yake ujumbe wa kuuliza mguu wa kaka wa Fumba umeponaje.

Kusi ikishika, Juni inshallah, tunavuka kwenda Pemba, tufike mpaka Vumawimbi. Gari la huko dada wa Wete ameshalipata. Pana nafasi mbili. Anayetaka aje Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwetu, sinia litakuwa la samaki.