Mkitaka watoto wa wahamiaji waje kwenye sanaa, anzeni kwa mama wa kwaya

Mleta mada umesema mmefungua darasa la bure la maigizo na ngoma kwa watoto wa wakimbizi, mmebandika matangazo ya Kiswahili maktaba na shuleni, siku ya kwanza wakaja watoto wawili. Usikate tamaa mkuu, sisi hapa Louisville, Kentucky yalitukuta hayohayo.

Kosa letu tulidhani wazazi hawajasikia. Walisikia. Ila baba yuko shifti ya usiku weahausi (ghalani), mama anatoka alfajiri, binti wa miaka 11 ndo analea wadogo zake, gari moja, halafu fomu yetu ukurasa wa kwanza inauliza uliingia lini nchini. Mtu amekaa kambi za wakimbizi kule Tanzania, Nyarugusu au Mtabila, miaka na miaka anajaziwa fomu, leo umpe nyingine eti mtoto akacheze ngoma? Anaikunja anaitia kwenye pochi, humwoni tena.

Mlango tulifunguliwa na mama mmoja kiongozi wa kwaya. Nilienda mazoezini kwao Jumamosi tatu nakaa tu nyuma, ya nne akaniita mwenyewe, mwanangu unatafuta nini. Nikamweleza. Palepale akarekodi voisi kwenye grupu la akina mama, leteni watoto, mimi nitakuwepo, na wale wadogo waje nao. Wengi mle kusoma ni shida kwa lugha yoyote, kwa hiyo matangazo yetu yote yale yalikuwa hayawafikii. Wiki iliyofuata watoto 19, wengine mgongoni kwa dada zao.

Ngoma anafundisha mzee wa Kirundi, familia yake ni ya wale waliokimbia 1972 wakaishi makambini Tanzania mpaka Marekani ilipoanza kuwachukua 2007. Ni ngoma zilezile za kifalme za Burundi ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2014. Yeye anayo moja tu, zingine ni ndoo za rangi. Ya katikati anaiita inkiranya, ndo inaongoza, amashako wanashika mdundo usiokatika, ibishikiso wanaifuata inkiranya. Kuna dogo wa miaka 8, shuleni walishaandika kwamba haongei, mzee akampa inkiranya. Akagonga mara mbili, akanyamaza, akawatazama wenzake, ndoo zote zikajibu kwa pamoja. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sare ya kazi, akakaa chini palepale sakafuni.

Wasichana mzee alisita, maana kwao kupiga ni kwa wanaume na 2017 serikali ya Burundi iliweka hadi amri. Mimi sikuingilia, akina mama wakakaa naye jioni nzima na sasa wasichana wanapiga. Jambo kama hilo wageni msilibebe nyie, waachieni wenyewe.

Hela kidogo mliyonayo wekeni kwenye mafuta ya watu wawili wenye magari makubwa, na chakula. Kama kuna familia za Kiislamu ongeeni na mwalimu wa madrasa kwanza ratiba zisigongane. Fomu yetu siku hizi ni jina la mtoto, umri, na namba ya mzazi, basi. Ukitaka nikutumie, sema.