Jiwe la 2029, taa za Raskazone na wanaotuchungulia kutoka mbali

Maswali yamejaa tena, na mengi yanauliza jambo lilelile. Walioniletea video ndefu bila swali nimewaacha. Andikeni swali, nami nitajibu.

Mwandishi, ni kweli jiwe litaipiga dunia mwaka 2029? Huku mtaani watu wana hofu. (Fundi baiskeli, Ngamiani)

Halitaipiga. Hili nilishalijibu, na leo nalijibu kwa urefu ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Jiwe lenyewe ni jiwe la angani linaloitwa Apophis. Upana wake ni mita 340 hivi, yaani viwanja vitatu vya mpira vikiunganishwa. Liligunduliwa mwaka 2004, na mwishoni mwa mwaka huo hesabu za awali zilionyesha uwezekano wa asilimia 2.7 kwamba lingetugonga 2029. Hofu yote ilizaliwa hapo. Vipimo vilivyofuata viliufuta uwezekano huo, na mwaka 2021, baada ya kulipima kwa rada, wanasayansi walitangaza kwamba kwa miaka 100 halina hatari kwetu. Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 2029 litapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa dunia. Hapo ni karibu kuliko setilaiti zinazoleta picha kwenye madishi yenu, ambazo ziko kilomita 36,000 hivi.

Sasa sikilizeni lile ambalo hakuna anayeniuliza. Afrika ni miongoni mwa sehemu zitakazoliona kwa macho matupu, kama nyota ya kawaida inayosogea kuelekea magharibi. Litakuwa karibu kabisa na dunia mnamo saa sita na dakika 46 za usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa saa zetu. Mwezi hautakuwepo angani, kwa hiyo giza litakuwa la kutosha. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Aprili ni masika, na mawingu ya masika ya Tanga mnayajua. Lakini jiwe kubwa namna hii kupita karibu namna hii ni jambo la mara moja katika maelfu ya miaka. Walimu, anzeni kuwaandaa watoto sasa. Itakuwa aibu kubwa kizazi kizima cha Tanga kiwe ndani kimejifungia kwa hofu usiku ambao kilipaswa kuwa nje kinatazama.

Na kwa kuwa najua swali linalofuata: yule mwenzake, 2024 YR4, naye hatugongi. Februari 2025 uwezekano wa kutugonga Desemba 2032 ulifika asilimia 3.1, na ukanda wa hatari ulikatiza Afrika. Simu zilijaa. Baada ya muda mfupi uwezekano ukashuka karibu na sifuri. Ndivyo hesabu hizi zinavyokwenda. Jiwe likiwa limeonekana siku chache tu, njia yake haijulikani vizuri, na eneo la mashaka ni pana mno. Kila kipimo kipya kinalipunguza eneo hilo. Dunia ikiwa bado imo ndani yake, asilimia inapanda, kisha kipimo kimoja kinakuja na dunia inabaki nje. Asilimia kupanda kwa siku kadhaa ni hesabu inafanya kazi yake. Kinachonikera ni kwamba waliosambaza ile asilimia tatu hawakuisambaza sifuri.

Nimetumiwa ujumbe kwamba dunia itapoteza mvutano kwa sekunde saba na watu wataelea. Tujifunge kamba? (Msomaji, Makorora)

Hapana. Mvutano unatokana na uzito wa dunia yenyewe, na dunia haiendi kuuacha popote. Aliyekutumia, mwambie asikutumie tena.

Jioni niliona taa nyingi angani zimepangana mstari mmoja, zinakwenda bila sauti. Wageni wangu walisema ni viumbe wa sayari nyingine. (Mama mwenye nyumba ya wageni, Raskazone)

Mama, ulichoona ni setilaiti za Starlink, za kampuni ya SpaceX. Zinarushwa kwa mafungu, na siku chache za mwanzo zinafuatana kabla hazijapanda juu na kuachana. Huku chini jua limeshazama, lakini kule juu bado linazimulika, ndiyo maana mnaziona jioni au alfajiri na si usiku wa manane. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinazimika ghafla, na hapo ndipo watu wanapoapa kwamba zimeruka kwenda sayari nyingine.

Hujaniuliza, lakini nitalisema. Tunatazama juu tukiogopa vyombo vya viumbe wa mbali, na huku vinavyotuangukia ni vya wanadamu wenzetu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kilo 500 hivi, upana wa mita mbili na nusu, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaoitaka nchi iliyorusha chombo ilipe hasara kitakayosababisha ardhini. Kwa hiyo ukiona chuma kimeshuka shambani kwako usikiguse, kwa sababu mafuta ya baadhi ya vyombo hivi ni sumu, na usikipeleke kwenye mizani ya chuma chakavu. Mwite mtendaji wa kijiji na polisi. Hicho chuma kina mwenyewe, na mwenyewe ana deni kwako.

Kama jiwe lile lililoua dinosaria likirudi, nani atapona? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Chumbageni)

Swali zuri mwanangu, na Tanga ndiyo mahali pa kuliulizia.

Jiwe hilo lilianguka miaka milioni 66 iliyopita, mahali ambapo leo ni Yucatan, Mexico. Lilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi na likachimba shimo la kilomita 180 hivi. Vumbi na moshi vikaziba jua, mimea ikafa, walaji wa mimea wakafa, na walaji wa walaji wakafuata. Karibu robo tatu ya aina za viumbe zilitoweka. (Yule mjusi wetu wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo amesimamishwa Berlin, hakufa siku hiyo. Alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka milioni 80 kabla. Kurudishwa kwake ni haki yetu, ila tusimbebeshe historia isiyo yake.)

Wataalamu waliamini kwamba samaki mmoja, silikanti, alikwisha wakati uleule na dinosaria, kwa sababu visukuku vyake, yaani mabaki yake yaliyogeuka mawe, vinaishia hapo. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, mzima. Na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamewanasa kwa makumi, wengi wao pande za Kigombe. Nasaba hii ilipita salama kwenye janga lililomaliza robo tatu ya viumbe, na leo inaishi kwenye maji ya mkoa wetu. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Sasa sikia kinachomuua. Jarife linalotegwa kwenye maji ya kina kwa ajili ya papa. Baruti nayo, ambayo iliyaharibu matumbawe ya pwani hii kwa miaka mingi, na bado wapo wenye hamu ya kuirudia. Silikanti jike anabeba mimba kwa muda wa hadi miaka mitano, na anaweza kuishi karibu miaka mia. Samaki anayezaa polepole hivyo hawezi kustahimili nyavu zetu. Mawe makubwa ya kilomita moja na zaidi yanayopita jirani na dunia, zaidi ya asilimia 95 yameshagunduliwa, na hakuna hata moja lililo njiani kuja kwetu katika karne hii. Jarife liko majini usiku wa leo. Mkinipa shilingi moja ya kuilinda dunia, nitaipeleka Kigombe.

Na likija kweli, Wamarekani watalilipua kwa bomu? (Dereva wa bodaboda, Mabawa)

Si lazima bomu. Tarehe 26 Septemba 2022 NASA walikigongesha chombo chao cha DART kwenye jiwe Dimorphos, lenye upana wa mita 160 hivi, linalozunguka jiwe kubwa zaidi. Mzunguko mmoja ulikuwa wa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa ukawa saa 11 na dakika 23. Ukilisukuma jiwe kidogo miaka mingi kabla, linapita mbali. Ukichelewa kuliona, huna la kusukuma, na ndiyo maana fedha za darubini si anasa.

Nikuongeze onyo. Asubuhi ya 15 Februari 2013, jiwe la mita 20 hivi lililipuka angani juu ya Chelyabinsk, Urusi. Hakuna aliyeliona likija, kwa kuwa lilitokea upande wa jua. Watu kama 1,500 waliumia, wengi kwa vioo. Waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama, na mshindo ukaja baadaye. Ukiona mwanga wa namna hiyo, kaa mbali na dirisha, laza watoto chini.

Sayari zikijipanga mstari mmoja, bamvua linaongezeka? (Mvuvi, Sahare)

Hapana. Bamvua ni kazi ya mwezi na jua. Mvutano wa sayari zote zikijumlishwa hauwezi kukunyanyulia maji hata kidogo. Kalenda yako ya mwezi inatosha, nahodha.

Kuna viumbe wanatuangalia? Na kwa nini kila mara wanawatembelea Wamarekani tu? (Dada wa Pangani)

Nianze na la pili, si kweli. Tarehe 16 Septemba 1994, watoto zaidi ya 60 wa shule moja ya Ruwa, Zimbabwe, walisema wameona chombo kimetua karibu na uwanja wao. Siamini kwamba watoto wale walidanganya. Lakini hakuna picha, hakuna chuma, hakuna udongo uliopimwa ukaonyesha kitu, na bila hivyo mimi siwezi kusema kilichotua ni nini.

Kuhusu kuangaliwa, fikiria nuru. Inakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde, na bado nyota ziko mbali mno. Anayetutazama hatuoni tulivyo leo. (Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru inakwenda kwa mwaka mmoja.) Aliye umbali wa miaka ya nuru 150 na ushee, hata awe na darubini ambayo binadamu hajui kuitengeneza, ndiyo kwanza anaiona Februari 1874, akina Chuma na Susi wakiufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo. Aliye kwenye miaka ya nuru 110 na kitu anaiona Tanga ya Novemba 1914, jeshi la Waingereza likitimuliwa na Wajerumani na nyuki wakimalizia kazi. Napenda kumfikiria akiandika ripoti kwamba dunia hii inatawaliwa na nyuki. Na aliye umbali wa miaka ya nuru milioni 66 anaona dinosaria. Hana habari kwamba kuna binadamu.

Kwa hiyo sishangai kwamba hakuna aliyekuja. Mwanafizikia Enrico Fermi aliuliza mwaka 1950, wako wapi? Mwaka 1973 John Ball akapendekeza kwamba huenda wanatuacha makusudi, kama hifadhi. Mimi naona umbali unatosha kuwa jibu. Mawimbi yetu ya redio yana miaka mia hivi tu njiani, na galaksi yetu ina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi. Tumepiga kelele kwenye kona moja ya mtaa.

Lakini liko jambo linaloniuma. Mwaka 1977 vyombo viwili vya Voyager viliondoka na santuri zilizopakwa dhahabu zenye salamu za lugha 55 kwa yeyote atakayevipata. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisotho kimo, na Kiila cha Zambia. Kiswahili hakimo. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa na hairudi. UNESCO wametupa siku yetu ya 7 Julai na tunaisherehekea kwa hotuba na pilau. Siku nyingine ujumbe ukiandaliwa, BAKITA, baraza letu la Kiswahili, na vyuo vyetu wabishe hodi mapema, tena kwa barua. Mkoa aliozaliwa Shaaban Robert usikubali kukosekana mara ya pili.

Na kile chombo cha kigeni 3I/ATLAS je? (Wengi)

Ni kometi, yaani donge la barafu na vumbi. Kilitoka nje ya mfumo wetu wa jua, kikaonekana 1 Julai 2025, kikapita kilomita milioni 270 hivi kutoka kwetu Desemba yake. Ni cha tatu kujulikana, baada ya cha 2017 na cha 2019. Profesa mmoja wa Harvard kusema huenda ni chombo hakukifanyi kiwe chombo.

Mei 2024 intaneti ilikatika siku zilezile jua lilipotoa dhoruba. Mnatuficha nini? (Fundi simu, barabara ya kumi na tano)

Hatukufichi kitu. Dhoruba ya jua ilipiga tarehe 10 Mei, kweli, kubwa kuliko zote tangu 2003. Intaneti ilikatika tarehe 12 kwa sababu nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari. Dhoruba ya jua inaweza kuumiza, Quebec ilikosa umeme kwa saa tisa Machi 1989, lakini sisi tulio karibu na ikweta tuna afadhali. Badala ya kulisingizia jua, ulizeni kwa nini nchi nzima inayumba nyaya mbili zikikatika.

Kuna bwana anauza kimondo kutoka Handeni, anataka milioni nne na anasema Wazungu watanunua kwa mara kumi. Sumaku inashika. (Mfanyabiashara, Soko la Mgandini)

Sumaku inashika hata nondo. Kimondo cha chuma kina nikeli ndani, na hilo linapimwa maabara, si kwa maneno ya muuzaji. Kimondo cha Mbozi, tani 16 hivi, kila mtu anaruhusiwa kwenda kukitazama, na hakiuzwi. Mwambie huyo bwana mwende wote ofisi ya madini kikapimwe kabla hujatoa hata mia. Akikataa, umepata jibu.